Kumsitiri Kocha

Nikiwa kwenye shughuli, iwe harusi au hitima, na mtu asiyenijua akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani, hujibu kwamba anasomesha besiboli. Hapo watu hutazamana. Kisha mmoja huuliza, "Mpira wa miguu?" Nasema siyo. "Wa mikono?" Nasema siyo huo pia, ni wa gongo: mmoja anatupa, mwengine anapiga, halafu anakimbia kuzunguka kiwanja na kurudi pale pale alipoanzia. Bibi mmoja wa Mkunazini aliwahi kunitazama kwa huruma, akanishika mkono na kusema, "Mwanangu, na huko anakokimbilia hakufiki?"

Yeye mwenyewe hakimbii, anakimbiza watoto wa watu. Ni mwalimu wa michezo katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji, na besiboli ilimkuta hapo hapo kazini. Alikuja mgeni wa kujitolea kutoka Japani, akaufundisha mchezo, muda wake ukaisha, akaondoka. Aliacha gunia la glavu, magongo, mipira na kitabu cha sheria. Mkuu wa chuo wa wakati ule akauliza nani atashika ufunguo wa ghala. Walimu wote wakaangalia dari. Mume wangu, ambaye hajui kumkatalia mtu, akasema atashika yeye, na ndivyo alivyopata ukocha. Mpaka leo namwambia angejifanya amepitiwa na usingizi siku ile tungekuwa na maisha mengine kabisa.

Nasema hivyo kwa mdomo tu. Naujua moyo wake. Kitabu kile alikisoma mpaka kurasa zikaachana, nikazishona kwa uzi. Ila kitabu hakimfundishi mtu kupiga mpira. Alihitaji mtu wa kumtupia, na kwenye nyumba yetu ya Mji Mkongwe mtu huyo alikuwa mmoja tu, mimi.

Mimi nimekulia Kikwajuni, na wasichana wa Kikwajuni tulikuwa na nage. Kwa asiyeijua, wawili husimama huku na huku, mmoja hukaa kati, na wale wawili humlenga kwa mpira wa soksi naye anakwepa. Aliyekaa kati mbele yangu hakukaa sana. Nilikuwa naweza kuchagua fundo la kanga, na fundo nikalipata. Marehemu mama alikuwa akisema mkono wangu utakuja kunitia kesini. Badala yake ukanitia kwenye kazi isiyo na likizo, maana kila siku baada ya sala ya alasiri mume wangu alisimama uani karibu na mfereji wa maji, gongo begani, na mimi nikasimama mlangoni mwa jiko na mpira wa soksi, nikamtupia mpaka jua lipungue. Mwanzoni alikuwa akikosa, tukicheka. Akajifunza. Ikafika wakati mpira wangu haumpiti hata mmoja, na jirani wa juu akawa analalamika kwamba soksi zetu zinamwangukia kwenye nguo alizoanika.

Kazi yangu mimi ni kushona kofia, zile za mkono, za vitundu vidogo vidogo. Na kwa kuwa mipira ya besiboli huwezi kwenda kuiulizia sokoni Darajani, iliyofumuka kwenye mawe ya kile kiwanja chao ililetwa kwangu kwenye kikapu. Ngozi yake ni vipande viwili vinavyokumbatiana, na mshono wake mwekundu unapanda na kushuka kama wimbi. Nilitumia uzi wa fundi viatu uliopakwa nta. Nilizoea. Kukawa na kofia ya bwana harusi paja la kulia, na mpira wa chuo paja la kushoto.

Kocha wa chuo, jinsi nilivyomwona, ni mtu wa kuanza upya kila mara. Vijana wanakuja hawajui hata glavu inavaliwa mkono gani. Wakishajua, wanamaliza masomo na kuondoka. Wengine hupata skuli huko Bwejuu au Makunduchi, wengine kazi ya ualimu haipatikani, wakaishia kwenye mahoteli ya Kiwengwa na Kendwa. Lakini humpigia simu. Mmoja alipiga kumwambia kwamba amechonga gongo la mti wa mpera na watoto wa darasa la tano wanagombania kupiga. Mume wangu alifurahi siku nzima, nikachoka kusikia habari za mpera.

Naeleza haya yote ili ijulikane alikuwa nani kabla macho yake hayajaanza kupoteza nuru, na kabla sisi tuliompenda hatujakaribia kumpofua kwa adabu zetu.

Ilianzia barazani. Mzee mmoja jirani, mtu wa kahawa na bao, alinisimamisha natoka sokoni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu tumemkosea nini? Siku hizi tunampungia mkono, anapita kama hajatuona." Nilikasirika. Nikamjibu kwamba mume wangu hana kiburi na wala hajawahi kuwa nacho, nikaondoka na kikapu changu. Lakini jioni hiyo nikamtazama akiingia. Kipande cha mlango cha upande wa kushoto kilikuwa kimefungwa, akakigonga kwa bega. Akasema mlango umevimba kwa unyevu. Mlango ule haujavimba tangu babu yake autie.

Siku zilizofuata mipira ya uani ikaanza kumpita, ile inayokuja kwa kushoto. Gongo lilibaki begani, mpira ukapita, ukagonga ukuta. "Leo mkono wako mbaya, bibie," akaniambia, akicheka. Nami nikacheka. Kesho yake, sikukaa nikaamua, mkono uliamua wenyewe: nikaacha kumtupia yeye, nikawa nalenga gongo. Alipoanza kulizungusha tu, nililifuata na mpira mpaka vikakutana. Mtu aliyepiga fundo la kanga hashindwi na gongo nene namna ile. Soksi zikarudi kuruka ukutani, jirani akarudi kulalamika, na mume wangu akaingia ndani kunawa huku anapiga mluzi.

Kwetu mtu hafichuliwi. Ukimwona mwenzio ana doa kwenye kanzu unasimama mbele ya doa. Hatuhesabu kuwa ni uongo, ni sitara, na anayeweza kumsitiri mwenzake akaacha hana malezi. Na mimi nilikuwa mke. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba mke ni vazi la mumewe na mume ni vazi la mkewe. Basi nikawa vazi, na nikajiona nimefanya la maana.

Siku moja nikapeleka kikapu cha mipira chuoni mwenyewe. Nilipofika kiwanjani nikashangaa kelele. Timu ya mume wangu ilikuwa ya watu wapole, lakini siku hiyo walikuwa kama mnadani. Mdakaji wao, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, kijana mrefu wa Makunduchi, aliutangaza kila mpira: "Huo umekwenda juu! Huo kulia! Huo umepita chini kushoto!" Na wale wa mbali nao wakaitikia kila mmoja alipo. Mume wangu alikuja kunipokea uso umechangamka. "Umeona roho za vijana hawa?" akasema. "Miaka yote nnawaambia wazungumze kiwanjani, hawataki. Mwaka huu wamefahamu."

Nikamvizia yule mdakaji kwenye tangi la maji.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kelele zile za nini?"

"Tunachangamsha mchezo tu, Bi."

"Mie usinifanye mtoto."

Akaangalia miguu yake. "Mwalimu hauoni mpira ukija kushoto, Bi. Tumeona haya kumwambia. Tukisema kwa sauti, anajua ulipo."

"Nani mwengine anajua?"

"Chuo kizima."

"Na yeye?"

"Yeye hajui kama sisi tunajua."

Nilirudi mjini na kikapu kitupu, na nilipoingia mtaani nikafumbuka macho. Wale wa barazani hawakuwa wakimpungia tena mkono. Walimtolea salamu kwa sauti kubwa kabla hajawafikia, ili ajue wapo, na yule mzee wa kahawa alikuwa ameivuta meza yake ndani ili isimkwaze. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga kumzunguka mume wangu kimya kimya, kila mmoja na pazia lake. Nililia kwa jinsi walivyompenda. Kisha nikaingia ndani nikanyamaza kama wao. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga wamesema, lakini hawakusema wanaomfichia wafanywe nini.

Alikuwa na dalili nyengine, sikatai. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na akitazama taa huiona imezungukwa na duara. Nilimwambia aende hospitali, akasema ni miwani tu, atakwenda baada ya mashindano. Sikumkazania. Kumkazania kungekuwa kumwambia kwamba najua.

Mashindano yenyewe yalikuwa ni mchezo na timu ya chuo kimoja cha bara, waliovuka kuja kucheza kwetu. Nilikwenda, nikakaa kwenye kivuli cha jengo la dakhalia wanamolala wanafunzi. Mchezo ulifika mwisho, timu yetu ilikuwa inahitaji mtu mmoja tu arudi nyumbani, na mtu huyo alikuwa tayari kwenye besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani: ni yule yule mdakaji wa Makunduchi. Mume wangu alisimama pembeni yake, anamwelekeza kwa mikono kama ilivyo kazi ya kocha. Mpigaji akapiga. Mchezaji wao wa mbali akauokota mpira, akaurusha kwa nguvu, ukapotea njia, ukaja kwa upande wa kushoto wa mume wangu, usawa wa kichwa. Kila mtu kiwanjani aliuona. Yeye alikuwa anatabasamu.

Yule kijana alikuwa na njia nyeupe mbele yake. Badala ya kukimbia alimrukia mwalimu wake kifuani, wakaanguka wote wawili kwenye mchanga, na mpira ukapita pale palipokuwa na kichwa. Wageni wakaukimbilia, wakamgusa nao kijana angali chini, mwamuzi akamtoa. Mchezo ukaisha, tukafungwa.

Mume wangu akainuka, anajifuta mchanga, na mbele ya wageni, mbele ya wasichana wa chuo waliokuja kutazama, akamfokea. "Umefanya nini? Nyumbani kuko wazi, wewe unanirukia mimi? Akili yako iko wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Niliteleza."

Timu nzima ilitazama chini, nami nikatazama chini. Nimekuwa na hasira nyingi maishani, mume wangu ni shahidi, lakini kama ile sijaiona. Mtoto wa watu amemwokoa, amefokewa kama mpuuzi, na bado anamsitiri. Na mimi mwenye mdomo unaojulikana kuanzia Kikwajuni mpaka Malindi nimekaa kivulini nimeushona.

Njia nzima ya kurudi alimlalamikia yule kijana. Tulipofika nyumbani akasali, akatoka uani, akachukua gongo. Nadhani alitaka kujiliwaza. Nikasimama mlangoni mwa jiko na mpira wa soksi. Safari hii sikulenga gongo. Nilitupa kama anavyotupa mtu yeyote, kwa kushoto kidogo, polepole kabisa. Mpira ukapita bila kugusa kitu, ukaangukia nguo zilizolowekwa kwenye beseni, hata mlio haukutoa.

Naye alikuwa bado amelishika gongo, magoti yamekunjwa, anasubiri.

"Tupa basi," akasema.

"Nshatupa."

Hakutikisika. Nikamwambia, "Yule kijana hakuteleza." Na baada ya hapo sikuweza kujizuia. Nikamwambia habari za kelele, za barazani, za mlango usiovimba, na habari zangu mimi na gongo lake. Nililia, nikamtukana kidogo, nikajitukana na mimi. Akalishusha gongo taratibu, akakaa kwenye ukingo wa mfereji.

"La gongo nnalijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mwanzo. Gongo likipiga mpira, mkono unasikia namna moja. Mpira ukipiga gongo, mkono unasikia namna nyengine. Miaka yote hii nnashika gongo, hilo nisilijue?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuona umefurahi. Nikasema nisikuvunje."

Basi tulikuwa tumekaa uani jioni baada ya jioni, mimi namsitiri yeye, yeye ananisitiri mimi, na katikati yetu jicho lake linakufa. Nilitamani kumpiga kwa beseni.

"Na kelele za vijana?" nikauliza.

Hapo uso wake ulibadilika. "Hizo sikuzijua," akasema. "Mie nilidhani nimewasomesha." Akaomba koti lake. Alitaka kwenda dakhalia saa ile ile kumtafuta yule kijana. Nikamwambia hatoki mtu humu ndani ila kwa daktari, na asubuhi nikampeleka mwenyewe, nimemshika mkono kama bibi harusi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimtazama jicho moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza. Akasema ni presha ya macho. Huanza pembeni, inakula polepole, na mwenyewe huchelewa kujua. La kushoto limeshakwenda na halirudi. La kulia linaweza kushikwa hapo lilipo kwa upasuaji na dawa ya matone maisha yake yote. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Nyumbani hakuna aliyegundua?" Mume wangu akawahi kujibu: "Sote tulichelewa, daktari." Hata pale alinisitiri.

Aliporudi chuoni alikuwa bado na bandeji, na hilo jicho la kulia lilikuwa halijatulia. Aliwapanga vijana wake mbele ya ghala, nami nilikuwepo kwa sababu sikumwamini kuvuka barabara. Akawaambia kwamba hawakumfanyia vibaya, lakini tangu siku hiyo anayemwona amekosea amwambie hapo hapo. Kisha akageuka kwa yule mrefu wa Makunduchi. "Umenitoa kwenye njia ya mpira, nikakufokea mbele ya watu. Nnakuomba radhi."

Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi, mbele ya wenzake, si jambo unaloliona kila siku kwetu. Na uzito wake ulizidi kwa sababu aliyekuwa akiombwa radhi alikuwa mwengine. Alikuwa amemwelekea mrefu wa pili, mtupaji, ambaye alisimama mdomo wazi, jasho linamtoka. Niliwaona wanatazamana, kila mmoja anatafuta namna ya kuufunika. Nikauma ulimi. Halikuwa langu.

Ndipo sauti ikatoka upande wa kulia. "Mwalimu," akasema yule kijana wa Makunduchi, na sauti ilimtetemeka kana kwamba anatukana, "mie niko huku."

Mume wangu akageuka. "Ahsante," akasema, akaanza upya tangu neno la kwanza.

Kijana yule sasa ni mwalimu wa skuli huko kwao. Mume wangu bado ni kocha, ingawa hasimami tena karibu na besi. Hukaa kwenye benchi, jicho lake moja limebakiwa na kidirisha kidogo cha katikati, na vijana wapya wanapiga kelele kama wale wa zamani. Tofauti ni kwamba anajua kwa nini wanapiga, na wakinyamaza huwagombeza. Mwakani atastaafu, na mkuu wa chuo ameshauliza nani atashika ufunguo. Nimesikia walimu wameangalia dari.

Uani hatujaacha. Sharti lake ni moja, nitupe kikweli. Mipira mingi inampita. Naiokota, narudi mlangoni mwa jiko, natupa tena, na kuna siku roho inaniuma hata mkono unakuwa mzito. Juzi alikuwa amechoka, amekosa mfululizo, mgongo umemwinama, nikashindwa. Nikalenga gongo. Soksi zikaruka vizuri mpaka ukutani juu, na mlio wake nikaupenda.

Hakucheka. Alisimama kidogo, anausikiliza mkono wake.

"Huo wako, bibie," akasema. "Nipe wangu."

Nikaufuata mpira, nikarudi nilipokuwa, nikafuta macho kwa ncha ya kanga, nikamtupia wake. Ukampita kushoto, ukagonga ukuta.

"Umepita," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, na akalinyanyua tena gongo.